Mazabodi ya Mpima

Kompyuta ya Mpima ilizimika katikati ya neno, Jumanne, saa nne asubuhi. Binti yake alikuwa ameinama anamfuta udenda kidevuni, akisubiri amalize alichotaka kusema. Kwenye kioo zilikuwepo herufi tatu tu, na alama ya kijani ilikuwa inapita juu ya alfabeti ikitafuta ya nne. Mara kioo kikawa cheusi. Feni ikazunguka kidogo kwa mazoea, ikasimama. Nyuma ya sanduku ikatoka harufu nyembamba, kama ya mpini wa sufuria ulioguswa na moto.

"Baba, subiri kidogo," binti alisema, kana kwamba mzee angeweza kufanya kitu kingine.

Alichomoa waya, akachomeka tena. Akabonyeza. Akalipiga sanduku kofi ubavuni. Kimya. Alipogeuka, macho ya baba yake yalikuwa yamemkazia, na nyusi zilikuwa zinarukaruka zenyewe, kama zilivyozoea siku za karibuni, bila maana yoyote.

Mpima lilikuwa jina la kazi. Kwa miaka thelathini alipima viwanja na mashamba ya watu, akapanda vilima na darubini begani, akasuluhisha majirani waliotaka kukatana mapanga kwa ajili ya hatua mbili za ardhi. Halafu ugonjwa wa mishipa ya fahamu ukamwanza kwenye kifundo cha mguu, ukapanda. Ukachukua miguu, ukachukua mikono, ukachukua ulimi na koo. Akili haukuigusa, na hapo ndipo ulipomkomoa. Sasa ulikuwa mwaka wa sita, na kilichobaki kikimtii ni macho, tena kwa shida, na msuli mmoja chini ya kidole gumba cha kushoto. Hata msuli huo, mtu akiutazama, hakuuona ukifanya kazi. Kidude bapa kama kifungo cha shati kilibandikwa juu yake kwa plasta. Kilihisi ukikaza, kikapeleka habari kwa waya hadi kwenye kadi iliyokuwa ndani ya kompyuta, na kadi ikachagua herufi. Neno likikamilika, kadi hiyohiyo ililisoma kwa sauti ya kiume iliyotamka Kiswahili kama mtu aliyeazimwa ulimi. Mpima mwenyewe aliifanyia mzaha. "Huyu bwana," aliwahi kuandika, "alisomea lugha yetu kwa posta."

Binti alikuwa kifunguamimba, mgawa dawa kwenye duka la dawa. Wenzake walimwita Dozi, kwa sababu alimrudia kila mteja maelezo mara tatu, hata aliyekuja kununua pamba. Mama yao alikwisha fariki. Mdogo wake, kitindamimba, aliendesha kreni bandarini, mji wa mbali, na msaada wake ulikuwa wa simu. Basi Dozi ndiye aliyekuwa muuguzi, mpishi, dobi na mkalimani, na saa za kazi jirani mmoja mtu mzima alimkalia mzee akifuma vitambaa.

Mchana huohuo akaja fundi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye duka chini ya ngazi za jengo la ghorofa, na watu walimwita Bisibisi kwa sababu hakuwahi kuonekana bila moja nyuma ya sikio. Alimwamkia mzee kwanza, "Shikamoo baba," akangoja kidogo kama aliyeitikiwa, ndipo akapiga magoti akafungua sanduku.

"Mazabodi, huu ubao mkuu, imekufa," alisema baada ya muda. Alimmulikia Dozi kwa tochi. Kwenye ubao wa kijani palisimama vijipipa vidogo vidogo, na vinne kati yake vilikuwa vimevimba vichwa na kutoa ute wa kahawia. Pembeni yake palikuwa na alama nyeusi ya moto. "Hivi ningebadilisha. Lakini hapa pameungua hadi ndani. Hii tena si ya kufufua."

"Si tununue kompyuta nyingine tu?"

"Ungekuwa unaandikia barua, ningekuambia nunua kesho." Bisibisi alichomoa ile kadi taratibu, akaishika kingo. "Hii kadi inakaa kwenye mdomo huu mrefu mweupe. Kompyuta za siku hizi hazina mdomo huu, wameuacha zamani. Na programu yake imo kwenye diski hii. Sidii ya kuisimika upya mnayo?"

Hawakuwa nayo. Kompyuta na kadi vilitolewa na kikundi cha wafadhili waliokwisha tawanyika, na waliotengeneza programu walikwisha funga.

"Basi sikiliza, dada, maana hapa ndipo watu wanapoliwa." Fundi alikaa sakafuni akapanga vitu juu ya gazeti. "Tunataka bodi ambayo tundu lake linapokea prosesa hii. Memori hizi, ona pengo lake lilipo. Bodi ya memori za aina nyingine haiingii hata ukiikalia. Iwe na mdomo mweupe. Na la mwisho, ambalo wauzaji hawalisemi, zile chipu kubwa za bodi ziwe za ukoo mmoja na hizi. Diski imezoea ukoo wake. Ukiihamishia kwa wageni inaweza kugoma kuwaka."

"Itachukua muda gani?"

"Kutafuta kitu ambacho watu wamekitupa?" Bisibisi alichomeka bisibisi nyuma ya sikio. "Sijui. Siwezi kukudanganya mbele ya mzee."

*

Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki. Daktari alimpulizisha Mpima kwenye mashine ya kupima pumzi, akatazama karatasi, akaitazama tena. Alikuwa kijana bado, mwenye tabia ya kuvuta kiti na kukaa usawa wa macho ya mgonjwa.

"Mzee," alisema, "misuli ya kupumua inachoka. Tuna njia mbili. Tunaweza kukutoboa hapa kooni, tukapitisha mrija, mashine ikawa inakupumulia. Utaishi, huenda miaka, lakini kwa mrija na mashine usiku na mchana. Au tusikutoboe, tukupe dawa usipate tabu, na safari iende inavyokwenda. Hili ni lako mwenyewe. Unataka tukutoboe?"

Nyusi zikapanda. Kisha mzee akafumba macho. Kisha nyusi zikapanda tena, mara mbili.

"Ndiyo, hapana, ndiyo, ndiyo," daktari alihesabu. "Nyusi zake bado ni za kuaminika?"

"Zinaruka zenyewe, na kope nazo zinajifumba," Dozi alisema. "Tumejaribu kumsomea herufi, aonyeshe kwa macho. Tukifika herufi ya tatu anachoka, tunapata upuuzi."

Daktari naye alijaribu, kwa subira, robo saa nzima. Alipata herufi nne zisizotamkika. Akaiweka kalamu chini. "Siwezi kumtoboa mtu koo kwa ushahidi wa nyusi. Wala siwezi kumwacha akate pumzi kwa ushahidi huo. Mashine za kusoma macho zipo, lakini orodha ya kungojea ni ya miezi, na yeye hana miezi. Nampa wiki mbili, labda na siku kadhaa. Baada ya hapo hata dawa ya usingizi ya upasuaji hataiweza. Mrudishieni ile kompyuta. Ikishindikana kabisa, itabidi wewe, mwanawe mkubwa, umsemee."

Dozi alimwitikia. Alipokuwa anakisukuma kiti cha magurudumu kwenye korido ndefu iliyonuka dawa ya kusafishia, aligundua kwamba sehemu fulani ya moyo wake imekwisha kujibu.

Alimpigia mdogo wake.

"Dada, mgonjwa haulizwi uji," mdogo mtu alisema. Nyuma yake chuma kiligonga chuma. "Mwache mzee apumzike. Huo mrija ni mateso tu. Kwani wewe unaonaje?"

"Daktari anataka kauli yake mwenyewe."

"Kauli gani, na hana mdomo? Amua. Wewe ndiye uliye naye."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Dozi alikata simu bila kuaga.

*

Bodi ya kwanza ilipatikana Ijumaa, kwenye banda la muuzaji wa mitumba ya kompyuta, mtu mwembamba aliyezungumza kwa kasi kama anayekimbizwa. Aliifuta vumbi kwa shati lake. Prosesa inaingia. Mdomo mweupe upo, tena miwili. Memori ni za aina nyingine, lakini hizo anazo, atawapa.

Bisibisi aliigeuza mara mbili, akasoma maandishi madogo kwa miwani. "Chipu si za ukoo wetu."

"Fundi, unaleta uchawi," muuzaji alisema. "Bodi ni bodi."

Bisibisi alimvuta Dozi pembeni. "Nimempata mtu wa mji wa pili anayo ya ukoo wenyewe. Ananiwekea hadi Jumatatu. Akiipakia kwenye basi, Jumanne tunayo mkononi. Ningekuwa wewe ningengoja."

"Siku nne."

"Siku nne."

Asubuhi hiyo Mpima alikuwa amebadilika rangi midomoni wakati wa kugeuzwa, na jirani alikuwa amelia. Dozi alifikiria zile siku nne, moja moja. Alifikiria pia, na hili hakulisema, kwamba mambo yakiisha haraka yatakuwa yameisha.

"Tuchukue hii," alisema.

"Dada..."

"Tuchukue hii, fundi. Ikikataa, itakataa leo."

Haikukataa leo. Iliwaka, na hilo ndilo lililowaponza. Ilionyesha herufi nyeupe, ikapitisha michirizi, Dozi akapiga makofi. Kisha kioo kikawa cha buluu, na maandishi yasiyosomeka, na ikajizima, na kujiwasha, na kujizima. Bisibisi aliipeleka dukani kwake. Jumamosi alijaribu hivi, Jumapili akajaribu vile. Jumatatu mchana alidhani ameiweza, kwa sababu ilifika hadi kwenye picha ya mwanzo kabla ya kuanguka tena. Jumanne alimpigia simu yule mtu wa mji wa pili. Bodi ilikuwa imeuzwa jana yake jioni.

"Nilipaswa kukukatalia," Bisibisi alisema kwenye simu. "Mimi ndiye fundi."

Dozi alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ya dawa, na mteja mbele yake ameshika cheti. Alimwambia mteja, vidonge viwili mara tatu kwa siku. Akamwambia tena. Mara ya tatu aliishia katikati, akaiangalia simu, mteja akaondoka mwenyewe.

Nyumbani siku hizo zilikuwa za ajabu. Mzee alilala akitazama, na wote walizungumza juu yake kwa sauti ya kawaida, kwanza kwa bahati mbaya, kisha kwa mazoea. Jirani alimweleza Dozi, mbele ya kitanda, jinsi mjomba wake alivyokufa. Mdogo mtu aliwekwa kwenye spika akauliza kama kiwanja cha nyuma kina hati. Dozi mwenyewe alisema, "Leo amenichosha," na alipogeuka akakuta macho yamefunguka. Alimrekebishia shuka ambayo haikuhitaji kurekebishwa.

*

Jumatano fundi alisikia habari ya kampuni moja ya mizigo iliyofungwa, ambayo vifaa vyake vilikuwa vimetupwa kwenye ghala la vyuma chakavu. Alhamisi Dozi aliomba ruhusa kazini, wakaenda wote wawili. Mlinzi aliwaonyesha kona. Palikuwa na masanduku ya kompyuta kama arobaini, yamerundikwa hadi kimo cha mtu, mengine yameota kutu, mengine yamefanywa viota na panya. Juu ya paa la bati jua lilikuwa linapiga, na ndani hewa ilikuwa nzito kama blanketi.

Walifungua moja baada ya jingine. Bisibisi alimfundisha Dozi kutazama. Mdomo mweupe kwanza. Hakuna, weka kule. Upo, tazama memori. Pengo si lenyewe, weka kule. Baada ya saa mbili mikono ya Dozi ilikuwa nyeusi hadi kwenye viwiko, na kucha moja ilikuwa imeng'oka nusu.

"Fundi," alisema, bila kuinua kichwa, "mimi nataka aseme hapana."

Bisibisi aliendelea kulegeza skrubu. "Hapana ya nini?"

"Asitobolewe. Nataka aseme amechoka. Nimemgeuza miaka sita. Sijalala saa nne mfululizo tangu mama azikwe. Daktari anasema huenda miaka."

"Sasa mbona unatafuta bodi? Si ungemsemea tu?"

Dozi alijifuta jasho, akajipaka weusi usoni. "Nikimsemea, mimi ndiye nitakuwa nimemwua. Akisema mwenyewe, ni yeye."

Fundi hakumlaumu wala hakumfariji. Alivuta sanduku jingine kwa pembe, akalilaza. "Mama yangu nilimuuguza miaka miwili," alisema. "Siku moja nilimwombea afe. Nilikuwa nakatakata vitunguu. Hebu nishikie tochi."

Katika sanduku la thelathini na moja waliipata, na katika la thelathini na tatu wakapata nyingine. Ya kwanza ilikuwa pacha wa ile iliyokufa, kila tundu mahali pake, lakini vijipipa vyake sita vilikuwa vimevimba. Ya pili ilikuwa ya ukoo uleule, memori zilezile, mdomo mweupe upo, vijipipa vizima vinang'aa. Ila ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya sanduku la namna yake, matundu ya skrubu hayalingani, na hata swichi ya kuwashia ilikuwa na plagi isiyofanana na yao.

"Chagua wewe, fundi," Dozi alisema. "Mimi nimeshachagua mara moja."

Bisibisi alizishika zote mbili, moja kila mkono. "Pacha ningeitengeneza vizuri, ingekaa kwenye sanduku kama haijatoka. Lakini nikiunguza njia moja ya shaba, imekwisha. Hii mbaya ni nzima." Aliifunga ile ya pili kwenye khanga yake, na pacha akaibeba kwapani iwe akiba. "Uzuri wa sanduku hautamsaidia mzee."

Waliifunga juu ya kipande cha mbao, kwa skrubu za mlango, kando ya kitanda. Pawasaplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, ikalazwa sakafuni. Diski ikakaa juu ya kitabu cha simu cha zamani. Kadi ilisimama wima hewani bila kuegemea kitu, kama mtu aliyekosa kiti. Kwa kuwa swichi haikuingia, Bisibisi aliigusisha ncha ya bisibisi kwenye vijisindano viwili vya chuma. "Ukitaka kuiwasha unavigusanisha hivi, mara moja tu, usishikilie." Feni ikanguruma. Herufi nyeupe. Michirizi. Dozi, fundi na jirani, na mzee wa nne, walitazama kioo. Picha ya mwanzo ikaja, ikakaa. Kisha alfabeti.

Jirani alianza kushukuru Mungu kwa sauti. Dozi alibandika kile kidude chini ya kidole gumba, akabonyeza plasta kwa uangalifu. Alama ya kijani ilianza kupita. Ilipita mara ya kwanza, ya pili. Ya tatu ikasimama kwenye M.

Ilichukua dakika tatu. Sauti ya kuazima ikasema: "Mto."

"Mto? Mto gani, baba?"

Dakika nyingine nyingi. "Sikio."

Dozi aliinua kichwa cha baba yake. Mshono mnene wa foronya ulikuwa umekaa chini ya sikio la kulia, na nyuma ya sikio ngozi ilikuwa imechubuka hadi nyama, na nywele zimegandana na usaha. Siku kumi. Kila asubuhi kwa siku kumi alikuwa amemgeuza, akamfuta, akamrudisha juu ya mshono uleule. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Bisibisi aliokota vyombo vyake polepole, akamgusa jirani bega, wakatoka.

Alimsafisha kidonda. Alimfunga. Alibadilisha mto. Ndipo akakaa mahali mzee angeweza kumwona, kama alivyomwona daktari akikaa.

"Baba, unakumbuka swali la daktari?"

"Ndiyo."

"Unasemaje?"

Alama ya kijani ilitembea. Nje mtu alikuwa anapiga deki kibarazani, ndoo ikikwaruza sakafu. Dozi aliziona herufi zikija, na kabla neno halijaisha alikwisha lisoma, lakini alingoja hadi ile sauti iliposema: "Nitobolewe."

Dozi alikuwa anatazama kucha yake iliyong'oka. Alama iliendelea kutembea, na aliiacha itembee, na baada ya muda mrefu sauti ikasema: "Najua umechoka. Nilisikia."

"Baba..."

"Naogopa, mama."

Tangu akiwa mtoto alikuwa akimwita hivyo, mama, kama akina baba wanavyowaita binti zao. Dozi alikuwa amejiandaa kwa mengi. Alikuwa amefikiria mzee atasema ameishi vya kutosha, au atasema mzaha, au atamwachia wosia. Hakuwa amewahi kufikiria kwamba mtu aliyetenganisha wenye mapanga alikuwa amelala pale siku zote hizo na hofu tupu kama ya mtoto. Alimshika mkono, ule wa kushoto, karibu na plasta, kwa tahadhari asikiguse kidude.

Wazo lilimjia, na hakulificha moyoni mwake: hakuna aliyesikia ila mimi. Lilikaa kama mgeni aliyekaa kwenye kiti cha mlangoni. Kisha alitoka uani, akampigia daktari, akamwambia neno lenyewe, lilivyo.

*

Daktari alikuja Ijumaa akauliza mwenyewe, mara mbili kwa maneno tofauti. Alipata jibu lilelile. Jumatatu Mpima alitobolewa.

Mdogo mtu alikasirika. Alisema kwenye simu kwamba mashine ile huenda imejisemea yenyewe, kwamba fundi wa chini ya ngazi si daktari, kwamba dada yake amemfungia baba yao jela. Dozi alimsikiliza hadi mwisho. "Njoo umwulize," alisema. Hakuja.

Yaliyofuata yalikuwa magumu kama alivyokuwa ameyaogopa, na mengine zaidi. Makohozi yalinyonywa kwa mrija kila baada ya saa mbili, na mara nyingine kila baada ya dakika kumi. Mashine ya pumzi ilipiga kelele kwa sababu za kweli na kwa sababu za uongo, na mtu hakuweza kujua ni zipi hadi ameamka. Baada ya mwezi wa pili Dozi aliacha kazi. Wenzake walimfanyia tafrija ndogo nyuma ya rafu za dawa, akasinzia kwenye kiti kabla ya hotuba.

Na mzee aliongea. Si sana, lakini kila siku. Alilalamikia supu ingawa ilipita tumboni kwa mpira na hakuionja. Alimuuliza jirani maswali ya umbea. Alimwambia Dozi habari za mama yake ambazo hakuwahi kuzisikia, jinsi walivyogombana juu ya kiatu siku walipokutana. Siku nyingine alimtukana, kwa herufi moja moja, matusi yaliyochukua nusu saa, kwa sababu alichelewa kumkuna pua. Naye alisimama akayangoja yaishe, kisha wote wawili wakawa wanacheka, yeye kwa sauti na baba kwa macho. Kulikuwa na siku alizomchukia. Kulikuwa na siku, chache, alizofurahi kwamba alipiga ile simu.

Mwezi wa sita, siku moja baada ya chakula cha mchana, alama ya kijani ilipita juu ya alfabeti na haikusimama. Ilipita kutwa. Dozi alibadilisha plasta. Alisafisha ngozi kwa spiriti. Aliuchomoa waya, akauchomeka. Alizima na kuwasha kwa bisibisi aliyoachiwa na fundi. Kisha akampigia.

Bisibisi alikuja akihema, akamwamkia mzee, akapiga magoti mbele ya ule ubao. Alipima umeme hapa na pale. Aliichomoa kadi, akaifuta midomo, akairudisha. Mwishowe alikibandua kidude kwenye mkono wa mzee, akakibandika chini ya kidole gumba chake mwenyewe, akakaza. Alama ilisimama kwenye A. Akakaza tena. Ilisimama pale alipotaka. Sauti ikasema kitu kifupi kisicho na maana.

Alikibandua haraka, kama kimemuunguza.

"Bodi ni nzima, dada," alisema kwa sauti ya chini.

"Ibadilishe."

"Nibadilishe nini?"

"Hiyo bodi. Ile pacha bado unayo dukani. Itengeneze tuiweke."

"Dada, bodi ni nzima."

"Nasema ibadilishe!"

Bisibisi aliinuka, magoti yakalia, akamkumbatia hapohapo mbele ya mzee, na Dozi akampiga ngumi mbili za mgongo zisizo na nguvu kabla ya kutulia. Walijaribu kidude kwenye shavu, kwenye taya, kwenye nyusi. Nyusi ziliandika mistari mitatu ya herufi ovyo na sauti ikazisoma zote. Ndipo Dozi aliposema basi.

Mpima aliishi wiki saba nyingine bila neno. Kila asubuhi Dozi alimrekebishia mto, akapitisha kidole chini ya sikio kutafuta mshono, akamweleza habari za mtaani kama angemjibu. Kisha homa ya mapafu ikaingia, na kwa siku mbili mashine ikapuliza ndani ya kifua kisichotaka kupokea. Alifariki saa tisa alasiri, macho yakiwa wazi. Dozi aliyafumba. Aliizima mashine ya pumzi, na kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa hata jirani akaja mbio kutoka nyumba ya pili.

Mdogo mtu alifika kwa mazishi akiwa na viatu vipya vilivyomwumiza. Baada ya watu kutawanyika alimkuta dada yake kwenye chumba cha mzee, anakunja mashuka. Alizungukazunguka, akagusa ule ubao wa mbao na vyuma vyake.

"Dada," alisema. "Alisema nini? Mara ya mwisho, kabla kidole hakijafa?"

Dozi aliweka shuka juu ya nyingine, akailinganisha kingo.

"Alisema nifunge dirisha. Vumbi lilikuwa linaingia."

Mdogo wake alingoja. Dozi alichukua shuka nyingine, akampa ncha mbili ashike, wakaanza kuikunja pamoja.